Reli ya Sentimita Moja



Barua tuliyoichagua wiki hii imetoka Busale, wilayani Kyela. Imeandikwa na mama ambaye, kwa idhini yake, tunaeleza habari zake bila kumtaja jina. Kijana wake ana umri wa miaka 13. Tangu shule zilipofungwa amekuwa akishinda barazani pamoja na babu yake, baba mzazi wa mama huyo, wakitengeneza garimoshi dogo na reli yake. Wala si lile la kopo na kamba ambalo watoto wengi wa nchi hii wamewahi kulivuta vumbini, bali ni reli yenye mataruma, kona, daraja na handaki, kila kitu kwa kipimo chake. Baba wa kijana hapendezwi. Kijana ameikosa madrasa mara mbili, na spoku nne za baiskeli inayobebea kakao zimegunduliwa zikiwa zimegeuzwa reli. Lakini mshirika mkuu wa mtoto katika jambo hili ni mkwe, na mkwe hakemewi. "Basi anayekemewa ni mimi," anaandika mama huyo. "Naomba mniambie kama huu ni upuuzi au ni elimu, nami nijue la kumjibu mume wangu."

Kwa kuwa nilikuwa na safari ya Kyela, niliona ni vyema nifike mwenyewe kabla ya kujibu. Kumhukumu mtu kwa barua moja ni dhuluma, hata kama barua yenyewe ni ya kweli.

Kyela haina reli. Anayetoka Busale kwenda kuiona ya karibu hupanda milima hadi Tukuyu, akaenda mpaka Uyole na Mbeya, ambako ipo stesheni ya Tazara. Kijana huyu hajawahi kupanda treni hata siku moja. Anachokijua amekipata kwa babu yake, ambaye akiwa kijana wa miaka ishirini hivi alikwenda kufanya kibarua katika ujenzi wa reli hiyo, upande wa Mlimba na Makambako. Wasomaji wa rika langu wanakumbuka kwamba Tazara ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ikiwa na urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi nchini Zambia, kwa mkopo wa China usio na riba (jambo ambalo halina budi kuwafurahisha wasomaji wa gazeti hili). Kipande cha Mlimba hadi Makambako ndicho kilichokuwa kigumu kuliko vyote, kwa kuwa hapo reli huliacha bonde la Kilombero na kuupanda mlima, na ndipo yalipojazana mahandaki na madaraja marefu. Mzee aliyatoboa mahandaki hayo kwa mikono yake pamoja na wenzake. Leo jicho lake la kushoto limefunga kwa mtoto wa jicho, na la kulia linaona vivuli tu. Jambo hili mama hakuliandika katika barua. Nililiona mwenyewe nilipompa mkono naye akautafuta hewani.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe, maana hapo ndipo penye jibu.

Kabla babu hajaingilia kati, kijana alikuwa akitengeneza kama watoto wote: kichwa cha treni kikubwa kuliko handaki, behewa fupi kuliko mlango wake. Tena kichwa hicho alikuwa amekiwekea bomba la moshi. Mzee alipolipapasa aliling'oa. Tazara, alisema, tangu siku ya kwanza ilivutwa na injini za dizeli. Haikuwahi kula makaa. (Sisi tunaendelea kuiita garimoshi, na lugha haioni vibaya.) Kisha akamwuliza mjukuu wake swali ambalo mhandisi yeyote angeliuliza: kila kitu umekipunguza mara ngapi?

Walikubaliana mara 100. Uamuzi huo ni wa hekima kuliko wao wenyewe wanavyodhani. Ukipunguza mara 100, mita moja ya kweli inakuwa sentimita moja ya rula ya shule, na hesabu inafanyika kichwani. Behewa lenye urefu wa mita 20 litakuwa sentimita 20. Taruma lenye urefu wa mita mbili litakuwa sentimita mbili. Upana wa handaki mzee haukumbuki kwa mita. Anakumbuka kwamba watu watatu walisimama wakanyoosha mikono, vidole vikagusana, wakaujaza. Kijana akapima mikono ya baba yake mdogo, ya jirani na ya fundi mmoja wa baiskeli, akajumlisha, akapata mita tano na ushei. Handaki likachongwa kwa upana wa sentimita tano.

Na upana wa reli? Hapa inafaa tutue kidogo. Reli za dunia hazina upana mmoja. Umbali kati ya chuma na chuma katika reli nyingi za Ulaya, Marekani na China ni milimita 1,435, na huo ndio upana wa reli yetu mpya iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Reli ya Kati ya zamani na ile ya Tanga ni nyembamba zaidi, mita moja kamili. Tazara ni milimita 1,067, kwa sababu ilitakiwa iungane na reli za Zambia na nchi za kusini zenye upana huo. Waliochagua wembamba hawakuwa wajinga. Reli nyembamba hupinda kwa kona kali zaidi, huhitaji tuta dogo zaidi, na huupanda mlima kwa gharama ndogo kuliko reli pana.

Hasara yake ni kwamba treni ya Reli ya Kati haiwezi kuingia Tazara, ijapokuwa tofauti ni milimita 67 tu. Huko Kidatu, ambako reli hizi mbili zimekutanishwa, mzigo hushushwa kutoka behewa moja ukapandishwa jingine. Katika kipimo cha kijana wetu milimita hizo 67 ni kama theluthi mbili za milimita moja, kiasi ambacho kisu cha jikoni hakiwezi kukikata. Kwa hiyo katika baraza ya Busale treni ya Kigoma na treni ya Kapiri Mposhi zinapita njia moja bila matata. Mzee huupima upana huo kwa ukucha wa kidole chake cha mwisho, unaokaa baina ya vyuma viwili bila kubana. Akiukosa mahali, mtoto anabandua na kuanza upya.

Msomaji asidhani haya ni mambo ya Busale pekee. Ulaya, Marekani na Japani wapo watu wazima, madaktari na wahandisi miongoni mwao, ambao hutumia miaka kutengeneza reli ndogo, na lipo kundi lao linaloshughulika na reli nyembamba tu. Vipimo vinavyotumika sana kwao ni kupunguza mara 87 au mara 160. Kipo kidogo zaidi, cha mara 220, kilicholetwa na kampuni ya Märklin ya Ujerumani mwaka 1972, ambacho reli yake ina upana wa milimita 6.5. Wapenzi wa reli nyembamba wana ujanja mmoja uliojaa akili. Huchukua reli na magurudumu ya kipimo kidogo, wakajenga juu yake mabehewa ya kipimo kikubwa zaidi. Reli ile ya milimita 6.5 ukiichukulia kuwa imepunguzwa mara 160 inasimama badala ya milimita 1,040, yaani katikati ya Reli ya Kati na Tazara. Hivyo kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya treni pana za Ujerumani kinafaa kwa treni za kwetu bila kuguswa.

Wajapani wao wana mkasa wao. Reli zao nyingi za kawaida zina upana uleule wa Tazara, milimita 1,067, lakini mafundi wao wa treni ndogo hupunguza mara 150 na kuziweka juu ya reli ya milimita 9. Ukizidisha, reli hiyo ni sawa na milimita 1,350. Treni zao ni nzuri ajabu, ila zimesimama kama mtu aliyetanua miguu. Kijana wa Busale, asiyenunua chochote dukani, hana kifungo hicho. Kipimo ni chake mwenyewe. Vifaa vya viwandani, hata vikipatikana, kwa kawaida bei yake haimfai mkulima, na sioni sababu ya kumshauri mzazi yeyote avitafute.

Nilipomweleza kijana kuhusu reli nyingine za nchi hii zilizokwisha kufutika, aliacha kukata mianzi. Zanzibar ilikuwa na reli. Sultani Barghash, aliyefariki mwaka 1888, alijenga ya kwanza kutoka mjini kwenda kwenye kasri lake la Chukwani. Mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani ikafungua nyingine kutoka Ngome Kongwe, ikapenya mitaa ya mji na kufika Bububu, yapata maili saba. Upana wake ulikuwa futi tatu, yaani milimita 914. Abiria wake walikoma katika miaka ya 1920 na reli ikang'olewa. Katika milima ya Usambara Mashariki, zama za Wajerumani, palikuwa na reli ya milimita 750 kutoka Tengeni kwenda Sigi, iliyoshusha mbao za misitu. Mashamba ya mkonge yalikuwa na vijireli vyao vya kubebea majani, vingine vikiwa na milimita 600 tu. Kusini, reli ya Mtwara hadi Nachingwea ilijengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa. Kwa rula ya kijana hizo ni milimita 9, saba na nusu, sita na 10. Nani katika nchi hii amezitengeneza, hata kwa maboksi, ili mtoto azione? Wazee waliozipanda wanatutoka mmoja mmoja.

Ipo nyingine ambayo nilidhani itamgusa mzee, nami sikukosea. Reli ya Hijazi, iliyoamriwa na Sultani Abdulhamid II ili kuwachukua mahujaji kutoka Damascus, ilianza kujengwa mwaka 1900 na ikafika Madina mwaka 1908, yapata kilomita 1,300 za jangwa. Sehemu kubwa ya gharama ilitoka katika michango ya Waislamu wa nchi mbalimbali. Msafara wa ngamia ulikuwa ukichukua kama siku 40. Treni ilichukua siku chache. Nayo ilikuwa reli nyembamba: milimita 1,050. Kipimo hicho kilifuata reli ya Beirut na Damascus, iliyokuwa imekwisha kujengwa na Wafaransa kwa upana huo, na ambayo vifaa vilipitia. Vita Kuu ya Kwanza iliiharibu, na haikuwahi kufika Makka. Stesheni yake ya Madina ingali imesimama hadi leo, ikiwa makumbusho, na baadhi ya wasomaji wetu waliokwenda kuzuru wameipita pengine bila kujua ni nini. Mzee alinisikiliza kimya, kisha akauliza: "Ustadhi, mataruma yao yalikuwa ya mbao au ya chuma?" Nilimwambia kwamba sehemu kubwa yalikuwa ya chuma. Akatikisa kichwa, akasema ya kwao yalikuwa ya zege, na kwamba wanne hawakuyainua bila kuimba.

Sasa nieleze namna wanavyofanya, kwa ajili ya wazazi wataokaopenda kuiga. Mataruma ni vipande vya mwanzi, ambao huko hauuzwi, na hupangwa kwa nafasi ya milimita sita hivi. Chuma ni spoku za baiskeli. Ni nene kidogo kuliko inavyostahili, lakini zimenyooka na hazishiki kutu upesi. Ziombwe kwa fundi baiskeli zile zilizokwisha kuvunjika. Kokoto ni mchanga uliochekechwa kwa chekecheo la chai. Magurudumu ndiyo yaliyonishangaza. Gurudumu la treni lina ukingo upande wa ndani unaolizuia lisitoke relini, na kuuchonga ukingo huo kwa mkono ni kazi kubwa. Kijana alichukua kifungo cha ukosi wa shati, chenye upana wa milimita tisa hivi, akakigandisha juu ya kifungo cha mbele ya shati, chenye milimita 11. Kikubwa kikawa ukingo, kidogo kikawa gurudumu. Tundu la katikati hutobolewa kwa sindano iliyopashwa moto, na kazi hiyo aifanye mtu mzima. Mama aliniambia kwa kicheko kwamba sasa hakuna shati lililo salama katika nyumba ile.

Kona ni shida. Kona yenye nusu-kipenyo cha mita 200 ni kali kwa treni ya kweli, lakini kwa kipimo hiki ni mita mbili, na baraza haina nafasi hiyo. Kila mwenye reli ndogo duniani hukaza kona zake kuliko ukweli. Wao wamezikaza hadi sentimita 60, na mabehewa marefu yanatokeza kiuno nje. Mwinuko ni rahisi zaidi. Kwa kila sentimita 50 za urefu wanapanda sentimita moja, wakipimia unene wa vipande vya mbao. Milima ni karatasi iliyolowekwa na kupondwa pamoja na uji wa unga wa muhogo. Na hapa nina ombi, ndugu msomaji: msitumie gazeti hili. Ndani yake yamo majina ya Mwenyezi Mungu na aya za Kitabu chake. Mifuko ya saruji inafaa zaidi, na ni migumu.

Mama aliuliza pia kama vitu hivi vinaingia katika katazo la kutengeneza sanamu. Treni, daraja, nyumba, mti na mlima havina roho, na sijui mwanachuoni anayevikataza. Ama vijisanamu vya abiria na wapiga bendera, hapo wanavyuoni wamehitilafiana. Wengi wameruhusu vya kuchezea watoto, wakitegemea habari za Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, na vitu vyake vya kuchezea alipokuwa mdogo; wengine wameona ni bora kuviepuka. Familia na imwulize sheikh wa msikiti wake. Reli haipungukiwi na kitu isipokuwa na watu, na kijana mwenyewe amekwisha kuamua kwamba treni yake imesimama usiku, abiria wote wamelala.

Nilizungumza na baba peke yake, chini ya mikakao. Ni mtu mwema aliyechoka. "Ustadhi, sina ugomvi na mzee," alisema. "Lakini mtihani wa darasa la saba haumwulizi mtoto treni." Nilimwambia kwamba kuhusu madrasa haki iko kwake, na hakuna reli inayomhalalishia mtoto kuikosa. Kuhusu baiskeli pia haki iko kwake. Kijana amfanyie kazi hadi thamani ya spoku irudi. Lakini kuhusu mtihani nilimwomba turudi barazani. Hapo nikamwuliza kijana: kama tungejenga Tazara yote kwa kipimo chenu, ingekuwa na urefu gani? Alifumba macho kidogo, akasema kilomita 18 na mita 600. Babu akacheka, akasema basi itabidi tuombe ardhi kwa mwenyekiti wa kijiji. Nikauliza: na ukikata kwa mara 160? Huko alihitaji karatasi, lakini alifika: kilomita 11 na mita 625. Uwiano ni somo la darasani, na walimu wengi wangefurahi kupata jibu hilo. Baba alisikia. Hakusema neno, nami sikumlazimisha.

Nawashauri, basi, kazi hii ipewe saa moja baada ya Alasiri, siku ambazo hakuna madrasa, na isifike Magharibi. Kijana anunuliwe daftari moja, na kila anachokisema babu kuhusu ujenzi ule kiandikwe humo kwa tarehe: upana, kina, majina ya kambi, waliokufa, walikula nini, waliimba nini. Siku moja wampeleke Mbeya akaione reli, wakiomba ruhusa kwa msimamizi wa stesheni na bila kukanyaga njia, akiwa na kipimo cha fundi cherehani mkononi. Na safari hiyohiyo iwe ya kumpeleka mzee hospitali. Mtoto wa jicho ni maradhi yanayotibika kwa upasuaji, mara nyingi wa muda mfupi, na kuuacha ukungu huo umfunge mtu aliyeona aliyoyaona mzee huyu, hali dawa ipo, si jambo la kungojea mavuno yajayo. Hili nimemwambia baba, na nalirudia hapa kwa kila nyumba yenye mzee wa namna hiyo.

Mwisho, mama, uliuliza kuhusu gundi, kwa kuwa ile ya dukani inakwisha haraka na harufu yake inakuumiza kichwa. Uji mzito wa muhogo unatosha kwa karatasi na maboksi, mradi mkaushe juani siku mbili ili mende wasije. Kwa mwanzi na spoku hautashika. Hapo tumieni gundi nyeupe ya seremala, tone dogo kwa ncha ya njiti. Na handaki msilifunge juu bado. Mzee ameniambia anataka kuingiza mkono ndani kwanza.

Wabillahi tawfiq.